Mvivu wa Ghorofa ya Juu

Baba aliamua niwe mhasibu kwa sababu sikuwa na maneno. Tulikuwa watoto watano pale Kitale, wanne wakipiga kelele kutwa, na mimi nikikaa kwenye kona ya meza nikipanga njiti za kiberiti kumi kumi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kumwona mtoto bila kumtafutia dawati lake. Siku moja alinitazama akamwambia Mama, "Huyu hana maneno. Huyu ni wa hesabu." Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyeniuliza, na kwa kuwa kweli sikuwa na maneno, sikukataa.

Miaka kumi na minne baadaye nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhasibu katika chuo kimoja cha binafsi Muscat, na hapo ndipo nilipopewa karatasi yenye swali ambalo Baba alikuwa ameshanijibia zamani: wewe ni mtu wa namna gani? Lilikuwa zoezi la somo la kujitayarisha kwa kazi. Kila mwanafunzi aandike kurasa mbili juu ya tabia yake na anakotaka kufika katika uhasibu. Kisha atafute watu wawili wanaomjua, mmoja wa familia na mmoja asiye wa familia, kila mmoja amjazie fomu. Uaminifu, bidii, umakini, kuelewana na watu: alama kuanzia moja hadi tano, na chini nafasi ya maoni kwa lugha yoyote. Fomu zirudi katika bahasha zilizofungwa.

Kwa wenzangu Waomani hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Wana wajomba, wana majirani waliowaona wakizaliwa. Mimi nilihesabu watu wanaonijua katika mji mzima wa Muscat, nikafika wawili, nikaishia hapo.

Zoezi lenyewe lilikuwa la alama chache, ila nyuma yake kulikuwa na jambo. Kila mwaka ofisi moja ya wakaguzi wa hesabu mjini ilichukua mwanafunzi mmoja wa darasa letu, ikamfundisha kazi na kumwekea viza. Jina lilitoka kwa mwalimu wa somo hilo, na alilitoa baada ya kusoma fomu hizo. Viza yangu ya masomo ilikuwa inakwisha Julai. Nikiipata nafasi ile, ningebaki. Nikiikosa, ningerudi Kitale, ambako Baba alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba binti yake ni mkaguzi wa hesabu Uarabuni.

Na nilikuwa nimechoka. Hilo nalisema mapema, maana bila hilo mambo mengine hayaeleweki. Nilikaa na mama yangu mdogo huko Ansab, katika chumba kimoja cha ghorofa ya juu ya nyumba ya watu. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli, anatoka kabla ya jua na kurudi miguu imevimba. Basi la kwenda chuoni halikufika kwenye barabara yetu. Nilitembea nusu saa kandokando ya kuta ndefu za nyumba za watu, hakuna mti, hakuna mtu, magari tu yakipita na vioo vimefungwa. Kuanzia mwezi wa tano hata bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto. Nilifika darasani nimelowa, nikakaa chini ya kiyoyozi, nikaganda, nikatoka nikalowa tena. Miaka minne ya hivyo. Mtu akiniuliza Muscat ilikuwaje, hunijia uchovu kwanza, kisha ndiyo bahari.

Mtu wa pili aliyenijua alikuwa Bibi, mwenye nyumba. Alikaa chini yetu peke yake. Alizaliwa Unguja, akaletwa Muscat msichana mdogo, akaolewa, akazaa sita, akafiwa na mume, na watoto wake sasa walikuwa watu wazima wenye vyeo na nyumba zao. Mtumishi wake alipoondoka alikataa kuletewa mwingine. Ndipo mwanawe mkubwa alipokubaliana na mama mdogo: sisi tupunguziwe kodi, na mimi kila alasiri nishuke nikae naye mpaka magharibi. Nimsomee maandishi madogo kwenye visanduku vya dawa. Nimenye vitunguu saumu. Nimpigie simu bintiye aliyeko Sib kumwuliza kama samaki wamepatikana. Zaidi ya yote, niwepo.

Alinitukana tangu siku ya kwanza. "Mvivu wewe," aliniambia, nikiwa nimeinama juu ya bakuli lake la vitunguu. "Tazama unavyomenya. Unavichonga? Kichwa cha hisabu, mikono ya mbao." Chai yangu ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Chapati zangu alizigongesha mezani asikie zinavyolia. Nikichelewa dakika tano, alikuwa mlangoni: "Kaamka binti mfalme?" Na mimi, asiye na maneno, nilitabasamu nikakaa.

Haikuwa kwangu tu. Ijumaa watoto wake walipokusanyika, mwanawe wa wizarani, mtu ambaye hata madereva wake walivaa vizuri, aliitwa zuzu mbele ya watu. Kulikuwa na kitukuu, mtoto wa kike wa miezi minane, mnene, mwenye macho ambayo ungependa kukaa ukiyatazama. Bibi alimpakata akamwambia, "Katoto kabaya haka. Kasura kama ka paka. Nani atakaoa haka?" Huku akimbusu vidole kimoja kimoja. Lakini aliyeleta mtungi wa gesi alikuwa hodari, mashaallah. Mfamasia alikuwa hana mfano. Wapangaji waliokaa chumbani kwetu kabla yetu, ambao nilisikia kwamba waliondoka kwa ugomvi, walikuwa "watu wema, wema sana," na mlango ukafungwa juu ya habari hiyo.

Niliyaona hayo yote, mimi mwanafunzi wa ukaguzi, nikayapanga vibaya. Nilidhani ni ulimi tu, uzee umeutia makali. Nilidhani pia kwamba yeye, kama wengi, huwapenda watu akiwa mbali nao. Mwaka wa pili alinipa ufunguo wa mlango wake, ameufunga kwa uzi mwekundu wa sufu. "Chukua," alisema. "Nisije nikafa humu mkanikuta baada ya siku tatu." Niliona ni kazi nyingine nimeongezewa.

Basi nilianza na mama mdogo. Nilimpa fomu akiwa ameloweka miguu kwenye beseni. Hakuisoma.

"Weka tano," alisema.

"Wapi, Anti?"

"Kote. Weka tano kote, khalas, nitasaini. Na hapo chini andika wewe ni msichana wa bidii, mcha Mungu, sijui nini. Si unajua vile wanapenda?"

"Ni wewe unafaa kuandika."

"Aki ya Mungu nimechoka. Kwani nitasema uko mbaya? Wewe ni mtoto wa dada yangu." Akaandika mwenyewe, mistari miwili ya sifa, akasaini, akarudi kwenye beseni lake. Kwetu fomu ni fomu. Mtu akikuletea karatasi ya kumsaidia mwanao, unamsifu, hata kama jana ulimfukuza mezani.

Alasiri iliyofuata nikampelekea Bibi ya kwake. Alivaa miwani, akaisoma upande wa Kiarabu polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Wanataka nini hawa?"

"Wanataka kunijua, Bibi. Wewe useme mimi ni mtu wa namna gani."

"Kwani wao hawana macho?"

Nilimweleza habari za ofisi ya wakaguzi na viza. Nilimweleza vizuri kwamba fomu hii ndiyo itakayosema nibaki au niondoke. Alinisikiliza, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Lete kahawa kwanza. Na safari hii iwe kahawa." Fomu akaitia chini ya mto. Ilikaa huko siku mbili. Alhamisi, kabla sijaenda chuoni, aliniita mlangoni akanipa bahasha. Hakuibandika, alikuwa ameuchomeka mfuniko ndani tu, kama watu wa zamani.

"Peleka," alisema. "Wala usifungue. Si yako."

Nilifungua. Sikufika hata chuoni. Niliifungua kwenye kibanda cha kusubiria basi. Nilijiambia naangalia tu kama amesaini.

Alikuwa amesaini. Bidii: moja. Umakini: mbili. Kuelewana na watu: moja. Penye uaminifu hakuweka alama yoyote. Katika nafasi ya maoni aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo: *Mvivu. Mzito wa kuamka. Chakula chake hakina chumvi. Hana maneno, ukimuuliza hucheka. Kwa hisabu sijui, mwulizeni mwalimu wake. Ana ufunguo wa nyumba yangu.*

Nililia pale kwenye kibanda, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Miaka mitatu! Miaka mitatu nimeacha marafiki, nimeacha kwaya, nimeacha kulala mchana kama watu wote wa mji huu wanavyolala, nikamenya vitunguu vya mtu huyu, na siku niliyomwomba neno moja jema ndipo akaona chumvi. Nilimwona mchoyo. Nilimwona ni mwanamke ambaye hata sifa anaziweka kabatini pamoja na vikombe vyake vya wageni. Basi langu lilikuja, likasimama, likaondoka bila mimi.

Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu huiba ofisini pakikutana vitu vitatu: shida, upenyo na kisingizio. Nilipata tisini na moja katika mtihani huo. Shida nilikuwa nayo, mwezi wa saba. Upenyo, mwalimu hakuwahi kumwona Bibi. Kisingizio nilikitengeneza nikitembea kuelekea duka la vifaa vya shule: kwamba mama mdogo naye hakusoma fomu, aliandika tu, kwamba Bibi hakuelewa, kwamba ninarekebisha kosa. Nilifika duka likikaribia kufungwa kwa mapumziko ya mchana. Mwenye duka alinichapia fomu nyingine kutoka kwenye simu yangu huku ameshika funguo mkononi.

Niliijaza kwenye ngazi za duka lililofungwa, mji mzima umelala. Tano, nne, tano, tano. Nne niliitia makusudi, ili ifanane na ukweli. Hayo pia nilifundishwa. Chini nikaandika kwa mwandiko wa kulala: *Ni msichana mwaminifu kuliko wote niliowajua. Mchapakazi, hodari, mwenye heshima. Namsifu kwa moyo wangu wote.* Nikaiga saini. Haikuwa ngumu. Nilikuwa nimeiona kwenye karatasi za dawa mara nyingi. Nikanunua bahasha kwenye dirisha la kiduka cha jirani, nikaibandika kwa ulimi.

Jioni ile, baada ya wiki nzima ya kukaa na karatasi tupu, nilianza ile insha yangu ya tabia. Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe: Mimi ni mtu mwaminifu. Nasema kweli, sikuona kitu cha ajabu ndani yake.

Mwalimu wa somo lile, ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa Mwomani wa makamo, mpole, aliyefundisha kwa Kiingereza na kukemea kwa Kiarabu. Sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili. Nilitarajia atanitafuta nimtafsirie maoni ya Bibi, na tafsiri nilikuwa nayo tayari kichwani. Wiki iliyofuata alinitafuta kweli. Aliniambia nikae, akaiweka fomu mezani, akaigeuza inielekee.

"Bibi huyu," alisema kwa Kiswahili laini cha Unguja, "ana umri gani?"

Nikasema sijui, sabini na kitu.

"Na namba yake ya simu ndiyo hii?"

Ilikuwa hiyo. Nisingeweza kuibadilisha, ilikuwa pia kwenye karatasi yangu ya makazi. Alipiga, akaiweka simu mezani ili tusikie sote wawili.

"Asalaam alaykum. Shikamoo Bibi."

"Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Alijieleza kwamba ni mwalimu wa msichana Mkenya anayekaa kwake juu.

"Eeh, yule mvivu," alisema Bibi. "Kafanya nini?"

Dokta alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilinishangaza, kwa maana lilikuwa la mtu aliyesikia sauti ya nyumbani. "Hajafanya kitu, Bibi. Nnasoma hapa ulivyomwandika. Umesema ni mwaminifu kuliko wote, mchapakazi, hodari, unamsifu kwa moyo wako wote."

Nilisikia feni yake ya jikoni ikilia; nilikuwa nimeahidi kuitia mafuta.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikuandika maneno hayo. Nimsifu hivyo mtoto aliyemo ndani ya nyumba yangu, kwani nnamuuza?" Kisha sauti ikashuka. "Karatasi yangu iko wapi?"

Dokta alimwambia atampigia tena, akamwombea afya, akaaga kwa adabu zote. Halafu akaninyooshea mkono, kiganja juu. Fomu ya Bibi ilikuwa bado ndani ya mkoba wangu, nimeikunja mara nne. Sijui kwa nini sikuichana. Nikampa.

Aliisoma, akaanza kucheka chinichini, akaacha kucheka. Alirudia mstari wa mwisho kwa sauti. "Ana ufunguo wa nyumba yangu."

"Mama yake mama yangu alizaliwa Pemba," aliniambia. "Mpaka anafariki aliniita kinyago. Siku niliyopata udaktari wa masomo, wageni walipokuja kumpa hongera, aliwaambia nimefeli. Watu wale hawasifu kilicho chao. Kitapata jicho la husuda. Wanaosifiwa ni wa kupita." Akaigusa fomu yangu ya uongo kwa kalamu. "Nilipoona mwanamke wa umri huu, wa nyumba hizi, amemsifu msichana mwanzo mpaka mwisho bila hata mashaallah moja, nilijua hakuandika yeye."

Sikuwa na maneno. Safari hii nilikuwa nikiyatafuta.

"Hii ningeipeleka kama ilivyo," alisema, ameishika ile ya Bibi. "Ofisi ile haitafuti sifa, kila mtu analeta sifa. Mwanamke anayekaa peke yake amekupa ufunguo. Ulikuwa na ushahidi mkononi, ukaukunja." Alivua miwani akafikicha macho, naye alionekana amechoka. "Sitakupeleka kwenye kamati ya nidhamu. Utaandika ile insha upya, ukweli, na somo utapita. Lakini jina lako siwezi kuliandika. Unaelewa?"

Nikasema naelewa. Nikamshukuru hata. Tumelelewa hivyo.

Nilitembea ile nusu saa ya kutoka kituoni nikijiandaa. Nilijua Bibi atanitukana, na kwa mara ya kwanza nilitaka anitukane. Nilijua hata methali atakayoanza nayo, njia ya mwongo fupi, maana aliwatupia wajukuu wake kila Ijumaa. Nilitia ufunguo mlangoni, ukazunguka, mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Nikabisha. Alikuja kunifungulia mwenyewe, polepole, amejitanda mtandio wake wa kutokea.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Pita ndani."

Sikupitishwa jikoni. Alinipeleka chumba cha wageni, ambacho nilikuwa nikikiingia kupangusa vumbi tu, akanikalisha kwenye kochi refu. Akaleta trei mwenyewe, kwa mikono yake inayotetemeka, akakataa nisimame kumsaidia: halwa, tende, birika, na vile vikombe vidogo vyenye ukingo wa dhahabu. Akanimiminia. Kahawa ilikuwa nzuri. Nilipiga magoti kwenye zulia nikaanza kumwomba radhi, nikilia, nikichanganya maneno. Alinishika bega akaniinua.

"Yamekwisha," alisema. "Vijana mna mambo mengi. Kula halwa, mwanangu, usione haya."

Nilingoja. Hakuna neno jingine lililokuja. Nilipopanda juu nilimsikia akilirudisha komeo.

Niliendelea kushuka kila alasiri, na kila alasiri nilibisha. Nikimenya vitunguu alisema ahsante. Chai yangu aliinywa yote akasema tamu. Nikichelewa alisema si kitu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchoka kwa kusifiwa, lakini nilipanda ngazi zile magharibi nikiwa hoi kuliko siku zote alizonisimanga. Mama mdogo alifurahi. "Umeona?" alisema. "Siku hizi anakupenda. Si nilikwambia uvumilie tu?" Sikuwa na nguvu za kumweleza.

Insha niliiandika upya. Ilitoka nusu ukurasa. Niliandika kwamba nilisomea uhasibu kwa sababu nilikuwa mkimya, na watu hudhani mkimya ni mwaminifu, na mimi pia nilidhani hivyo. Niliandika kwamba mimi ni mtu ambaye akichoka hudanganya, na kwamba mtu wa namna hiyo, akitaka kushika vitabu vya wengine, lazima ajue saa anazochoka. Penye malengo ya kazi niliandika: sijui bado. Dokta aliipa alama ya kupita, si zaidi. Ile nafasi ya ofisi alipewa msichana wa Sib aliyekaa nyuma yangu darasani, msemaji mkubwa, na baadaye nilisikia anafanya vizuri.

Nayaandika haya nikiwa Kitale. Nafanya kazi ya uhasibu katika duka la mbegu na pembejeo. Baba ameacha kulizungumza jambo la Uarabuni, na hilo ni kali kuliko kama angelisema. Kazi naiweza. Kila mchana, mwili unapoanza kulegea, naweka kalamu chini, natembea hadi getini na kurudi, ndipo nasaini. Wafanyakazi wenzangu wanaona ni kituko. Jana msichana mpya aliniambia nina umakini sana, hajaona mtu kama mimi, nami nikajikuta namtazama vibaya, masikini, hakukosea lolote.

Siku ya kuondoka, ile Julai, mama mdogo aliomba ruhusa kazini anisindikize. Teksi ilisimama nje ya geti. Bibi alitoka hadi juani, jambo asilolifanya, binti yake wa Sib amemshika mkono. Nikampa ufunguo, na uzi wake mwekundu ambao ulikuwa umeshachakaa. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Ahsante," alisema. "Ungeuacha tu mezani, usingejisumbua."

Kisha akamgeukia binti yake, ambaye alinijua miaka mitatu, akanitambulisha kama mtu aliyefika jana. "Msichana mwema sana huyu," alisema. "Mashaallah, hodari, msomi, ana adabu zake. Hatujapata mfano wake."

Binti yake alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akainamisha macho. Mama mdogo alikuwa ameshaingia garini. Nilisimama nje, mkono kwenye mlango uliokuwa ukiunguza. Dereva alipiga honi. Nilingoja kidogo tena, huenda angeniita mvivu.